Jamaa aliyewasha pikipiki yako, na sumu aliyotuachia hewani

Umechelewa. Unapanda boda pale stejini, dereva anabonyeza kitufe kwa kidole gumba cha kulia, injini inaitika, mnaondoka kabla hata hujafunga helmeti. Yote yamechukua sekunde moja hivi.

Ndani ya sekunde hiyo mambo mawili yametokea. Mota ndogo ya umeme imeizungusha injini, halafu cheche imeruka kwenye plagi na kuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli. Ukifuatilia mambo hayo mawili nyuma, miaka zaidi ya 100, utafika kwenye banda la mzee mmoja mjini Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, ambako vijana fulani walikuwa wakikesha usiku baada ya kazi. Aliyekuwa akiwaongoza aliitwa Charles Franklin Kettering. Ukimfuata zaidi kidogo utafika mahali ambapo si pazuri, na huko pia nitakupeleka.

Kettering alizaliwa Agosti 29, 1876 kwenye shamba karibu na Loudonville, Ohio. Familia haikuwa na mali. Shida yake kubwa ilikuwa macho. Akisoma kwa muda kichwa kilimuuma vibaya, na alipofika Chuo Kikuu cha Ohio State ikabidi wenzake wawe wanamsomea vitabu kwa sauti huku yeye akisikiliza. Mwaka wa kwanza macho yalimshinda kabisa, akaacha masomo. Alienda kufanya kazi na kikosi cha kuunganisha laini za simu: kuchimba mashimo, kusimamisha milingoti, kuvuta nyaya. Huko, katika mji mdogo wa Ashland, ndiko alikokutana na Olive Williams, ambaye walioana 1905.

Kwa hivyo kama wewe umerudi nyumbani baada ya kukosa karo au kuugua, na unawaona wenzako wakigraduate mbele yako, jua kwamba huyu jamaa alipata digrii yake ya uhandisi wa umeme 1904, akielekea miaka 28. Wenzake wa rika walikuwa wameshatangulia mbali.

Kazi ya kwanza aliipata katika kampuni ya National Cash Register, NCR, hapo Dayton, watengenezaji wa zile mashine za keshia za madukani. Wakati huo keshia alikuwa anazungusha mkono wa mashine ili droo ifunguke. Kettering alipewa kazi ya kutafuta mota ya umeme itakayofanya kazi hiyo, na kufikia 1906 akafaulu. Siri yake ilikuwa kitu kidogo ambacho wahandisi wenye uzoefu walikuwa wamekipita. Droo ya pesa haihitaji mota inayofanya kazi kutwa nzima. Inahitaji nguvu nyingi kwa muda mfupi sana, halafu mota inapumzika na kupoa. Basi unaweza kutumia mota ndogo na kuilazimisha kupita kiasi kwa nukta chache. Weka wazo hilo akilini, litarudi.

Bosi wake mmoja pale NCR, Edward Deeds, alikuwa na banda nyuma ya nyumba yake ambamo alikuwa akijiundia gari. Gari lilimsumbua kuwaka. Akamwita Kettering. Kettering akawaita wenzake wa NCR, na kundi hilo likawa linakutana bandani usiku na wikendi. Siku hizi tungeita side hustle.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Magari mengi ya wakati ule yalipata cheche kutoka kwa koili zenye ulimi wa chuma uliotetemeka mfululizo kama kengele ya mlango. Kila tetemeko lilitoa cheche, kwa hivyo badala ya cheche moja kwa wakati wake, plagi ilimwagiwa mvua ya cheche. Betri kavu za siku hizo zilikwisha haraka, na wakati wa kuwaka haukuwa sahihi. Gari lingine lilitumia magneto, ambayo ni nzuri injini ikiwa kasi, lakini ni dhaifu injini inapozungushwa polepole, yaani wakati ule ule unapojaribu kuiwasha.

Kettering alitaka cheche moja tu, yenye nguvu, kwa wakati wake. Mfumo uliotokana na kazi ile ni rahisi hadi unaweza kuuchora kwenye karatasi ya kufungia mandazi. Umeme wa betri unapita kwenye koili, yaani nyaya zilizozungushwa juu ya chuma, na kuigeuza sumaku. Njiani kuna pointi, vipande viwili vya chuma vinavyogusana. Injini ikizunguka, nundu fulani kwenye ekseli ndogo inavitenganisha. Umeme unakatika ghafla, usumaku unaporomoka, na kuporomoka huko kunazalisha volti maelfu kwa maelfu kwenye waya wa pili wa koili. Volti hizo hazina pa kwenda isipokuwa kuruka pengo la plagi. Hapo ndipo cheche.

Ona ujanja wake. Cheche haitoki unapowasha umeme, inatoka unapoukata.

Mwaka 1909 Henry Leland, mkuu wa Cadillac kule Detroit, aliagiza seti hizo kwa maelfu. Kettering akaacha kazi NCR, na yeye na Deeds wakaanzisha kampuni iliyoitwa kwa ufupi Delco. Kiwanda hasa hawakuwa nacho. Walikuwa na banda na oda, basi.

Kisha ikaja ile mota. Kuwasha gari wakati huo ulisimama mbele yake ukapiga hendeli kwa nguvu zako zote. Cheche ikitangulia mno, injini inarudi nyuma na hendeli inakupiga. Watu walivunjika mikono, taya na hata kufa. Kama umewahi kupiga kick ya pikipiki yenye taimingi mbovu ikakurushia mguu, unajua ninachosema. Husimuliwa kwamba Leland aliamua yatosha baada ya rafiki yake, Byron Carter, kufariki kutokana na majeraha ya hendeli. Wataalamu walisema mota ya kuzungusha injini ya gari lazima iwe kubwa karibu sawa na injini yenyewe. Kettering akakumbuka droo ya pesa. Nguvu nyingi, muda mfupi. Mwaka 1911 mfumo wake ulikuwa tayari, na Cadillac za 1912 zikatoka kiwandani zikiwa na stata ya umeme, taa za umeme, na mota ile ile ikigeuka jenereta ya kuchaji betri injini ikishawaka.

Hapo gari likawa la kila mtu, si la wanaume wenye misuli peke yao. Wanawake waliokuwa wakimngoja dereva wakaanza kujiendesha. Pikipiki zilichelewa sana, na Harley-Davidson ilipoweka stata kwenye pikipiki zake kubwa mwaka 1965 ilijivunia kiasi cha kuiita Electra Glide.

Pesa ziliingia. Delco iliuzwa 1916, na miaka miwili baadaye ikawa sehemu ya General Motors. Kettering akawa mkuu wa utafiti wa GM kuanzia 1920 hadi alipostaafu 1947. Angeishia hapo, ningekuambia umsome, umuige, kwaheri. Lakini kulikuwa na sauti iliyokuwa ikimfuata.

Ili uisikie sauti hiyo, hebu tutoke Dayton kidogo. Tuseme umenunua pikipiki kuukuu, kwa mfano Honda CB750 ya miaka ya sabini iliyokuwa imelala kwenye stoo ya mtu. Ndani ina pointi, wazo lile lile la Kettering. Pointi zinachakaa. Kisigino chake cha plastiki kinalika, pengo ambalo lilifaa kuwa kama milimita 0.35 linapungua, taimingi inateleza, na kila baada ya kilomita elfu chache unarudi kwa fundi. Basi unanunua kifaa cha elektroniki. Unatoa pointi na kondensa, mahali pake unafunga kisahani chenye sensa na kipande cha sumaku kwenye ekseli, unaunganisha nyaya kwenye betri na koili. Sasa hakuna chuma kinachogusa chuma. Sumaku ikipita, sensa inaiambia transista ikate umeme. Zile boda za mtaani zina sanduku jeusi la CDI ambalo hufanya kwa njia nyingine: linajaza kapasita volti mamia kisha linazimwaga zote kwenye koili kwa mpigo mmoja. Lakini lengo ni lile lile, cheche moja kwa wakati wake.

Wakati wake ndio kazi. Petroli haiwaki papo hapo, inachukua muda kuenea ndani ya silinda, kwa hivyo cheche lazima iruke kabla pistoni haijafika juu. Injini ikienda kasi, cheche inatakiwa kutangulia zaidi. Ndiyo maana kwenye kile kisahani kuna mashimo marefu ya skrubu, ili ukisogeze kidogo upande huu au ule. Unawasha injini, unaelekeza taa ya taimingi kwenye alama, unasogeza, unakaza. Ukichelewesha cheche, pikipiki inakuwa nzito, mvivu, na ekzosi inapata moto. Ukiitanguliza mno, subiri upande mlima na abiria nyuma. Utasikia mlio mkali wa chuma, kama mtu anatikisa misumari kwenye mkebe. Mafundi husema injini inagonga. Usiichukulie rahisi, hiyo sauti hutoboa pistoni.

Sauti hiyo ndiyo iliyomfuata Kettering. Magari ya Cadillac yaliyokuwa na mfumo wake yalianza kugonga yakipanda milima, na watu wakasema ni zile cheche zake za betri. Akaudhika. Hata jenereta ndogo za umeme ambazo kampuni yake iliwauzia wakulima ziligonga zilipotumia mafuta ya taa. Mwaka 1916 akamkabidhi suala hilo kijana wa miaka 27, Thomas Midgley.

Midgley alitoboa injini, akaweka dirisha la kuchungulia na kamera ya kasi. Akaona kwamba cheche inaruka vizuri, moto unaanza kuenea vizuri, halafu mafuta yaliyobaki pembeni yanalipuka yote kwa pamoja kabla moto haujayafikia. Cheche za Kettering hazikuwa na kosa. Tatizo lilikuwa mafuta yenyewe. Na kama mafuta ndiyo tatizo, basi dawa itiwe kwenye mafuta.

Waliitafuta kwa miaka mitano. Walijaribu iodini, ikafaa lakini ni ghali na inakula chuma. Walijaribu vitu vilivyonuka hadi watu wakawakimbia. Pombe ya ethanoli pia inatuliza kugonga, na wote wawili walilijua hilo vizuri. Kwa muda Kettering mwenyewe aliisifu kuwa mafuta ya siku za usoni. (Kenya tuliijaribu miaka ya themanini, petroli ikichanganywa na ethanoli ya Muhoroni.) Lakini pombe mtu yeyote mwenye miwa au mahindi anaweza kuipika, na ni lazima utie nyingi. Desemba 9, 1921 Midgley akajaribu kimiminika chenye madini ya risasi. Tone dogo tu, na injini ikanyamaza.

Risasi ni sumu. Hilo halikuwa jipya, madaktari walilijua tangu zamani. Kama ulifuatilia habari za Owino Uhuru kule Mombasa, ambako risasi ya betri kuukuu iliwaumiza wakazi na watoto wao, unaelewa. Waliobuni petroli hiyo walielewa pia. Tazama jina waliloipa ilipoanza kuuzwa Dayton Februari 1923: Ethyl. Neno risasi hulioni popote. Midgley mwenyewe mwaka huo alikuwa ameugua kwa kuvuta mvuke wake, akalazimika kwenda Florida kupumzika.

Mwaka 1924 Kettering akawa rais wa kampuni mpya ya kuiuza, na mwaka huo huo wafanyakazi walikufa. Katika kiwanda cha Bayway, New Jersey, mwezi Oktoba, watano walikufa ndani ya siku chache na wengine zaidi ya 30 wakalazwa. Walikufa wakipiga kelele, wakiona vitu ambavyo havipo. Katika kiwanda kingine cha jimbo hilo hilo, wafanyakazi waliliita jengo moja nyumba ya vipepeo, kwa sababu waliofanya kazi humo walikuwa wakipunga mikono hewani kufukuza wadudu wasiokuwepo.

Mei 1925 serikali ya Marekani iliitisha mkutano Washington. Kettering alisimama kuitetea bidhaa yake. Upande wa pili alikuwepo Daktari Alice Hamilton, mwanamke wa kwanza kuwa mhadhiri Harvard, aliyekuwa ametumia miaka mingi akiwapima mafundi waliougua kwa risasi. Alisema wazi kwamba ukiimwaga sumu hii barabarani hutaweza kuidhibiti. Uuzaji ukasimamishwa, kamati ikaundwa, ikawachunguza madereva na watu wa gereji kwa miezi michache tu, ikaona hakuna sababu ya kutosha ya kupiga marufuku. Mwaka 1926 pampu zikafunguliwa tena.

Wapo wanaomtetea kwamba alifuata sayansi ya siku zake. Mimi sikubali sana. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote alikataa kuwasikiliza wataalamu waliomwambia haiwezekani, na alikuwa sawa: mota ya droo, stata, vyote walimwambia haiwezekani. Safari hii wataalamu walimwambia si salama, naye akawapuuza vilevile, na alikuwa na njia nyingine mkononi. Kizuri alichokuwa nacho na kibaya alichokifanya vinatoka mfuko mmoja, ndiyo maana hadithi yake inanikera.

Miaka yake mingine nitaipitisha haraka, ingawa ingemtosha mtu mwingine kwa maisha mazima. Mwaka 1918 aliunda ndege ya bomu isiyo na rubani, babu wa droni, ambayo vita viliisha kabla haijatumika. Chini yake GM ilipata rangi za magari zinazokauka haraka na injini za dizeli za treni. Midgley, akitumwa naye, alibuni pia gesi ya friji iliyokuja kugundulika inatoboa tabaka la ozoni, na hii sitamlaumu nayo, hakuna aliyejua wakati ule. Alisajili hataza 186. Mwaka 1945 yeye na Alfred Sloan, bosi wa GM, waliweka majina yao kwenye taasisi ya utafiti wa saratani New York, na mwaka uliofuata Olive akafa kwa saratani. Kettering mwenyewe alifariki Novemba 1958. Karibu na Dayton kuna mji mzima unaoitwa kwa jina lake.

Kufikia wakati huo karibu petroli yote duniani ilikuwa na risasi. Iliingia kwenye vumbi la barabara, kwenye udongo wa bustani, kwenye damu ya watoto, na risasi kwenye damu ya mtoto hudhuru ubongo kabla dalili yoyote haijaonekana. Marekani ilianza kuiondoa miaka ya sabini. Hapa kwetu, kama ulizaliwa kabla ya 2006 na ukalelewa karibu na barabara, moshi wa matatu uliovuta ukiwa mdogo ulikuwa nayo, kwa sababu nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo mwanzoni mwa mwaka huo tu. Waulize wazazi wako kuhusu pampu za petroli ya kawaida na ile isiyo na risasi, watakumbuka.

Nchi ya mwisho ilikuwa Algeria, Julai 2021. Tangazo kwamba dunia imemaliza lilitolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Gigiri, Nairobi. Kwa makadirio yao, kuondoka kwa petroli hiyo kunaepusha vifo vya mapema zaidi ya milioni 1.2 kila mwaka. Ilikuwa Agosti 30. Siku moja kabla, Kettering angetimiza miaka 145.

Na ile Honda yako? Ukishafunga kifaa cha elektroniki, pointi unaweza kuzitupa, na kondensa pia. Koili iache, na betri. Hizo bado ni zake. Ukisikia inagonga mlimani, usiende kutafuta dawa ya kutia kwenye tangi. Legeza skrubu mbili, rudisha kisahani nyuma kidogo, kaza, ujaribu tena.